Katiba Inaanzia Kaunta

Maneno haya niliyasema jioni moja Ngamiani, Tanga, kwenye mdahalo wa wakazi kuhusu Katiba. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke. Vicheko na kelele za bodaboda nimeziacha hukohuko.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Na nyie wadogo zangu mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, habari za jioni.

Mwenyekiti amenipa nusu saa. Kanitaka nizungumzie "mustakabali wa Katiba", na hilo ni neno zito kwa mwanamke aliyestaafu ukarani wa mahakama. Wenzangu wawili walionitangulia wamelibeba vizuri: mamlaka ya Rais, tume ya uchaguzi, serikali mbili au tatu. Mimi nilikuwa nyuma pale nawasikiliza, huku najiuliza: mtu wa mtaani kwetu mara ya mwisho alikutana wapi na Katiba, uso kwa uso? Si Dodoma. Alikutana nayo kaunta ya polisi, saa 5 usiku, anaambiwa avue mkanda na kamba za viatu.

Kwa hiyo nitazungumzia kaunta. Nitazungumzia dhamana.

Kwenye kuta za vituo vingi mmeliona lile tangazo kwamba dhamana ni haki yako na hailipiwi. Tangazo zuri, herufi kubwa. Chini ya tangazo kuna benchi, na kwenye benchi wamekaa ndugu wa mtu wamechangishana. Hakuna aliyewatamkia kwamba walete chochote. Wamelelewa kwenye msemo wa mkono mtupu haulambwi, basi wamekuja na mkono uliopakwa asali kabla hata ya kuulizwa. Sitaki kuwasema polisi peke yao hapa. Sisi wenyewe hatuamini lile tangazo, na mtu asiyeamini haki yake huinunua.

Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema hivi: mtu akikamatwa bila hati, na ikaonekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana, isipokuwa kama kosa lenyewe ni zito. Saa 24, jamani. Haikuandikwa "mpaka mpelelezi arudi safari". Haikuandikwa "mpaka Jumatatu". Mnajua wenyewe ni watu wangapi hukamatwa Ijumaa jioni kwa ugomvi wa deni, ili mdaiwa alale ndani siku tatu alainike. Hilo ni deni la madai, halina hata namba ya kosa la jinai, lakini wikiendi yake inatumika kama kiboko.

Nije kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 13(6)(b) inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai "kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia". Yasomeni tena maneno hayo mkifika nyumbani. Hayasemi "kuitwa", yanasema "kutendewa". Mtu anaamshwa alfajiri kuhesabiwa, anapanda karandinga akiwa na pingu, analala ubavu kwa ubavu na wenzake, biashara yake imekufa, mke karudi kwao. Huyo ametendewa kama nani?

Halafu kuna Ibara ya 15. Inaanza kwa sauti nzuri, kila mtu ana haki ya kuwa huru. Kisha inakataza kukamatwa na kuwekwa ndani, isipokuwa "katika hali na kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria". Mkia huo ndio uliokula ng'ombe mzima. Kwa sababu sheria inawekwa na nani? Na Bunge. Kwa hiyo Katiba inakupa uhuru kwa mkono wa kulia, na Bunge, kwa wingi wa kura za mchana mmoja, linaweza kuuchukua kwa mkono wa kushoto na kusema utaratibu umefuatwa.

Hapa niwaeleze kisa changu, maana mimi si mtakatifu katika habari hii.

Nilikuwa karani katika mahakama moja, siitaji, na wahusika wengine wameshatangulia mbele ya haki. Aliletwa kijana kwa wizi wa baiskeli. Watu wa Tanga mnajua baiskeli ni nini kwetu, mtu anaweza kusamehe tusi la mama yake asisamehe baiskeli. Kosa lina dhamana. Hakimu akasema dhamana iko wazi, na mimi kwa mkono wangu huu nikaandika masharti kama tulivyozoea kuyaandika kila siku: wadhamini wawili wa kuaminika, wenye barua za mtendaji na vitambulisho, mmoja wao awe mtumishi wa serikali. Nikapiga muhuri. Sikufikiri hata kidogo.

Kijana yule alikuwa mpagazi wa machungwa. Mama yake alikuwa anauza bagia. Mtumishi wa serikali angemtoa wapi? Mwalimu wa pale jirani aliogopa, na simlaumu. Kesi ikawa inakuja kutajwa kila baada ya siku 14. Namwita jina, anaitika, mwendesha mashtaka anasimama: upelelezi haujakamilika. Anarudi rumande. Miezi mitano. Mwezi wa tano mlalamikaji akaja mwenyewe, macho chini, akasema baiskeli imeonekana kwa shemeji yake, iliazimwa bila kuagwa.

Dhamana ilikuwa wazi miezi yote mitano. Lango lilikuwa wazi ila kizingiti nilikijenga mimi. Na sheria ileile niliyokuwa naitumikia inasema kiasi cha dhamana kizingatie uzito wa kosa na mazingira ya kesi, na kisivuke kipimo. Siku hizi nikipita sokoni Mgandini nikaona mpagazi yeyote wa machungwa, nageuza uso.

Ndiyo maana nawaambia vijana, yule aliyesema "Tanga, waja leo waondoka leo" hakupitia rumande.

Sasa twende kwenye lililo kubwa zaidi. Kijana wa baiskeli angalau lango lake lilikuwa wazi. Wapo ambao lango limejengewa ukuta. Mahabusu wote nchini wanakijua kifungu hiki kwa namba kuliko wanavyojua namba za simu za wake zao: mia na arobaini na nane, tano. Kifungu cha 148(5) cha sheria ileile ya mwenendo wa makosa ya jinai. Kinataja makosa ambayo mahakama haina ruhusa ya kutoa dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha (kuzipa fedha za uhalifu sura ya halali), usafirishaji haramu wa binadamu, dawa za kulevya kwa viwango vilivyotajwa, na mengineyo. Angalieni vizuri: sijasema hakimu anakataa. Hakimu haulizwi. Aliyekataa ni karatasi, miaka mingi kabla ya wewe kukamatwa, bila kukuona wewe ni nani, una watoto wangapi, mguu wako mmoja ni mbovu na huwezi hata kukimbia mpaka Pongwe.

Na anayechagua karatasi ni mwendesha mashtaka. Mawakili wamelia miaka na miaka kuhusu utakatishaji fedha: kosa la msingi ni la fedha za kawaida, lina dhamana, basi linaongezwa shtaka la utakatishaji pembeni, dhamana inayeyuka. Baadaye shtaka lile hufutwa kimyakimya au mtu huingia makubaliano ya kukiri kosa ili atoke. Makubaliano hayo yameruhusiwa na sheria tangu 2019. Kwa nchi nyingine ni njia nzuri ya kufupisha kesi. Lakini mtu aliyekaa ndani miaka mitatu bila dhamana akikiri, mimi niliyekaa mahakamani maisha yangu siwezi kuapa kwamba amekiri kosa. Pengine amekiri uchovu.

Ukuta huu umepigwa nyundo mara kadhaa, na ni vizuri mjue, maana kuna watu wanadhani haki za Tanzania huandikwa na wafadhili. Kwanza kumbukeni kwamba sura ya haki haikuwemo kwenye Katiba ya Uhuru ya 1961. Viongozi wa TANU walisema nchi ni changa na majaji wengi wangali Wazungu, wangeitumia kuifunga serikali mikono. Mwaka 1962 ikaja sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Haki zikaingia kwenye Katiba kwa mabadiliko ya tano, 1984, na hata hapo serikali ikajipa muda wa kusafisha sheria zake, hivyo hakuna aliyeweza kuzidai mahakamani mpaka Machi 1988. Usafi huo sijui ulifagia chumba gani, kwa sababu Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa 1991 kukusanya maoni juu ya vyama vingi, ilikuta bado kuna sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa.

Mara tu mlango ulipofunguliwa, aliyeingia hakuwa profesa. Alikuwa Daudi Pete, mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Kesi yake ilikwenda mbele ya Jaji James Mwalusanya kule Mwanza, kisha Mahakama ya Rufani, na mwaka 1991 majaji wa Rufani wakakubali kwamba sehemu moja ya kifungu hicho cha dhamana inapingana na Katiba. Walisema iliandikwa kwa upana mno: wavu wa kokoro uliozoa hata dagaa wasio na hatari kwa mtu. Nyie wavuvi wa Deep Sea mnajua kwa nini kokoro limepigwa marufuku.

Nyundo ya pili ilipigwa na wakili Jeremia Mtobesya. Kulikuwa na kifungu, 148(4), kilichomruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuandika hati tu kwamba mtu fulani akitoka usalama wa nchi utadhurika, na hakimu akafunga daftari. Bila ushahidi, bila kuulizwa. Mahakama Kuu ikakitupa, serikali ikakata rufaa, na 2018 Mahakama ya Rufani ikasema kimetupwa sawasawa. Siku ile nililia, nikiwa tayari nimestaafu, nawasha jiko.

Nyundo ya tatu ilivunjika mpini. Mei 2020, katika kesi ya Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilisema 148(5) chote hakiendani na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikageuza: Bunge lina mamlaka ya kuweka mpaka huo, kifungu kibaki. Nawaheshimu majaji wale, na hukumu ya Rufani ndiyo sheria. Lakini hukumu hiyo ndiyo inayonileta hapa leo. Kama mahakama ya juu kabisa imesoma Katiba tuliyonayo na kuona inaruhusu hakimu azibwe mdomo, basi kazi haiko tena kwa mawakili. Iko kwetu, tunaodai kuandika Katiba nyingine.

Ndugu zangu Wadigo mliopo hapa mtanielewa haraka. Hapa mpaka Horohoro ni safari ya asubuhi, ukivuka uko Lungalunga. Bibi mmoja, mahari zinavuka mpaka, misiba inavuka mpaka. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 49, inasema aliyekamatwa ana haki ya kuachiwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa ziwepo sababu nzito za kumzuia. Haikutenga kosa lolote. Kwa hiyo mpwa wako wa Lungalunga akishtakiwa kwa mauaji, upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kusimama na kueleza kwa nini asitoke. Mpwa wako wa Duga Maforoni akishtakiwa kwa kosa lilelile, hakuna anayeeleza chochote. Sisemi ng'ambo ni peponi. Maskini wao hukwama kwenye pesa ya dhamana kama wetu wanavyokwama kwenye mtumishi wa serikali. Ninachosema ni kwamba huko angalau mtu anasikilizwa na mtu.

Mzee mmoja, kabla hatujaingia ukumbini, ameniuliza swali ambalo sikulala kwa ajili yake miaka ile nikiwa kazini: "Mama Karani, unataka aliyemuua mwanangu arudi tuchote maji bomba moja?" Hapana, mzee wangu. Swali lako ni la haki na halijibiwi kwa kucheka. Nataka hakimu amwangalie mtu huyo machoni, akusikilize na wewe, kisha aseme: huyu habanduki hapa, kwa sababu hizi na hizi, na aziandike. Sheria yenyewe inajua kwamba mtu anaweza kuzuiwa kwa usalama wake mwenyewe. Wananchi wenye hasira tunawajua, tairi na petroli tumeviona. Hakimu anaweza kukataa dhamana kesi tisa za mauaji kati ya kumi, nami nisinung'unike. Nanung'unikia ile ya kumi, ya mke aliyekutwa na maiti ya mumewe akakamatwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, ambaye hakuna mtu duniani mwenye ruhusa ya kumsikiliza mpaka Mahakama Kuu ipange kikao.

Kikao hicho je? Hapa pana jambo ambalo sijasikia wasomi wetu wakilisema kwa sauti. Mwaka 2022 Bunge lilifanya jambo jema: mtu asifunguliwe kesi kwenye mahakama za chini kabla upelelezi haujakamilika. Tukapiga makofi. Lakini yakatengwa makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Sasa wekeni karatasi mbili kando kwa kando. Makosa yasiyo na dhamana ni yapi? Makubwa. Makosa ambayo upelelezi unaruhusiwa kuendelea mtu akiwa ndani ni yapi? Hayohayo. Yule mwenye njia ya kutoka ndiye anayesubiriwa upelelezi ukamilike, na yule asiye na njia ya kutoka ndiye anayeambiwa subiri. Masheikh wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho kutoka Zanzibar walikaa mahabusu huku Bara kwa mashtaka ya ugaidi tangu 2014 mpaka mashtaka yalipoondolewa Juni 2021. Mtoto aliyezaliwa mwaka waliopandishwa kizimbani alikuwa ameshaanza shule. Mwaka 2025 nchi nzima ikajifunza kwamba uhaini hauna dhamana, kupitia kesi ya Tundu Lissu. Kesi yenyewe siigusi. Nasema tu kwamba kifungu kilichomweka kiongozi wa chama ndani kilikuwa kimewaweka wavuvi na makuli miongo mingi, na hatukufanya mdahalo hata mmoja.

Mtaniuliza, basi tufanyeje? Mchakato wa Katiba Mpya mnaujua. Tume ya Jaji Warioba ilizunguka kukusanya maoni, rasimu ya pili ikatoka Desemba 2013, Bunge Maalum likagombana mwaka 2014, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa, na tukaishia hapo. Ukirudi, na utarudi, msikubali mkia wa Ibara ya 15. Iandikwe kwamba dhamana ni haki kwa kila kosa na kwamba kunyimwa ni uamuzi wa hakimu wenye sababu za maandishi zinazokatiwa rufaa. Na iandikwe kikomo. Mimi ningesema mwaka mmoja: serikali ikishindwa kukuanzishia ushahidi ndani ya mwaka, lango lifunguke hata kama kosa ni zito. Wenzangu wengine wanasema miezi 6. Tubishane hapo, ubishi huo una maana.

Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake ya haki jinai Julai 2023, na miongoni mwa mengi ikataka Polisi iache kuwa jeshi, iwe huduma. Ripoti ipo. Muulizeni mbunge wenu ameisoma.

Lakini sharti la mtumishi wa serikali halihitaji Katiba mpya. Halihitaji hata Bunge. Linahitaji karani anyanyue kalamu na kumwambia hakimu, "Mheshimiwa, huyu anauza bagia." Tangu 2021 sheria inataka Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kwa hiyo hata lugha si kisingizio tena. Karani ambaye hakunyanyua kalamu yuko mbele yenu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Yule mama wa kanga nyekundu pale nyuma, nimeuona mkono wako tangu mwanzo. Sema. Mwanao? Ana muda gani ndani? Miezi kumi na minne. Kosa lake lina dhamana? Hujui. Limeandikwaje kwenye hati? Hujui, karatasi ni ya Kiingereza. Umekuja nayo? Fungua tu hilo pindo, mama, hakuna wa kukucheka. Mpisheni apite. Mwenyekiti, dakika zangu zilizobaki nampa yeye, na mtu aniletee miwani yangu.